Nasaba ya Injini ya Gaspar

Kondo bin Mwinyimvua alikuwa fundi wa magari hapo Temeke, kando ya barabara ya Kilwa, katika miaka ile ya Mwingereza ambapo mapaa ya makuti yalikuwa bado mengi kuliko ya bati. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kuhifadhi nyakati za sala, na mikono yake haikutakata hata siku ya Idi. Watu walimsifu kwa ufundi wake na kumlalamikia kwa maswali yake. Kwani Kondo hakufunua boneti ya gari mpaka amjue aliyeliuza, na aliyemwuzia huyo, na aliyekuwa kabla yao, akirudi nyuma mtu kwa mtu hadi kwa yule aliyelipokea bandarini. Chuoni kwa mwalimu wa Korani, utotoni mwake, alifundishwa kwamba habari haiwi na nguvu kumpita aliyeichukua. Na kwa kuwa hakujaliwa kuendelea na vitabu, aliutumia msingi huo katika injini.

"Fundi, mie nimekuja kutengenezewa gari, sikuja kuposa," dereva mmoja alimwambia.

"Mposaji ana kazi nyepesi," akajibu Kondo. "Binti ana baba mmoja. Gari lako lina baba sita, na wanne kati yao hawakujua kazi."

Mapema mwaka wa 1957 alimjia Gaspar, mtu wa Mahenge, Mkristo mwenye adabu, akiendesha pikapu ya Kimarekani iliyokuwa ikigonga tumboni kama mgeni anayebisha hodi na haitikiwi. Gaspar alikuwa karani wa serikali kwa miaka tisa. Mwaka uliotangulia aliacha kazi, na siku ya kuaga alisoma hotuba ya Kiingereza, kurasa mbili, akimweleza mkuu wa ofisi na makarani wote kwa nini haimpasi mwanamume kukaa chini ya mwingine hadi uzeeni. Hotuba ilisikilizwa kwa utulivu. Tangu hapo alichukua nazi za wenye mashamba watatu wa upande wa Mbagala na kuzipeleka soko la Kariakoo, na pikapu ile ndiyo iliyosimama baina yake na kiti chake cha zamani. Mkewe, Anastasia, aliihifadhi hotuba sandukuni, akisema ni vema mtu akumbuke alichosema, endapo siku moja itambidi akiombee radhi.

Kondo alisikiliza kugonga huko akasema beringi zimekwisha. Hilo halikuwa gumu. Lililokuwa gumu ni kuijua injini yenyewe. Pikapu za namna ile zilipata injini za aina mbili, zilizofanana kwa nje kama mapacha. Ya zamani ilikuwa na beringi za metali nyeupe, iliyoyeyushwa na kumiminwa mahali pake kwa mkono. Ya kisasa ilikuwa na beringi za vipande, zitokazo kiwandani, za kuvua na kuvisha. Namba ya injini, ambayo ingalikata shauri, ilikuwa imeliwa na kutu, na kutu ilikuwa imesaidiwa na patasi ya mtu asiyejulikana. Kufungua bakuli la oili ili kutazama ndani hakukuwezekana bila kuinyanyua injini, na injini ikishanyanyuliwa gari halitembei tena mpaka vipuri vipatikane. Vipande huagizwa Nairobi, na huchukua majuma matatu. Masika yalikuwa mbele kwa majuma matano. Wenye mashamba walikwisha kumwambia Gaspar kwamba atakayechukua mzigo mvua zikianza ndiye atakayeuchukua mwaka mzima.

Kwa hiyo ilipasa injini itambuliwe ingali inatembea.

Walikwenda mjini kwa Nazarali, muuza vipuri, ambaye aliwapokea akiwa na kalamu mkononi.

"Nipe jina la injini, fundi," alisema Nazarali. "Nairobi hawataki hadithi. Na mzigo nikishauagiza haurudi."

"Nipe siku nne."

"Siku nne za nini? Kadi ya gari hii hapa. Injini ilibadilishwa mwaka hamsini na nne, ikawekwa ya kisasa. Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

"Na karani, bwana. Nani mwingine anaandika?"

Gaspar alikohoa. "Ni vizuri fundi aulize," akasema.

Shahidi wa kwanza alikuwa Akberali, mzee wa Kihindi wa madhehebu ya Shia, aliyeinunua pikapu ikiwa mpya na sasa alikuwa amestaafu biashara, akiishi Upanga. Kondo alimwamkia shikamoo, akaketishwa barazani, na mke wa mzee, Kulsumbai, akatoa chai.

"Injini ya kwanza ilivunjika njia ya Utete," alisema Akberali. "Nikaweka nyingine, ya kisasa. Nililiona sanduku lake likifunguliwa."

"Siku gani, mzee?"

"Siku siikumbuki. Ilikuwa Muharamu, kwa maana mama huyu alinigombeza kwa kushughulika na gari siku za msiba."

"Nilikugombeza sana," alisema Kulsumbai kutoka ndani.

Kondo alirudi Temeke ameridhika. Mtu asemaye "sikumbuki" pale asipokumbuka, na alichokikumbuka akakifunga na tukio lenye shahidi, ndiye mchukuzi wa habari aliyekuwa akimtafuta maishani.

Shahidi wa pili alikuwa Didas wa Keko, aliyekuwa dereva wa Akberali, akainunua pikapu kwake mwaka 1955, na mwaka uliofuata akamwuzia Gaspar. Didas alipatikana saa tisa ya mchana kilabuni, na kikombe chake hakikuwa cha kwanza.

"Injini ile ya mzee niliitoa," alisema Didas. "Nilibadilishana na jamaa wa lori. Yeye kachukua mpya, mie kanipa ya zamani na bati za nyumba. Nenda kazitazame, ziko juu ya paa langu."

"Mbona hukumwambia Gaspar?"

"Hakuniuliza. Aliuliza tairi na taa. Nikamjibu tairi na taa."

Kondo alianza kuyapima maneno hayo. Bahati mbaya Didas hakunyamaza. Alieleza jinsi alivyowahi kumpakia simba nyuma ya pikapu hiyo kutoka Rufiji akidhani ni abiria aliyelala, na jinsi simba huyo alivyoshuka Mbagala bila kulipa. Wenzake wakacheka hadi wakashika meza.

"Na kwa heri hakuaga," mmoja akaongeza.

Njiani Kondo alipita nyuma ya nyumba ya Didas, akazitazama bati. Zilikuwa bati nzuri. Lakini alijiambia kwamba bati haitoi ushahidi ilikotoka, na kwamba mnywaji apakiaye simba habari zake haziandikwi. Jioni ile sindano ya kipimo cha nguvu ya oili katika pikapu ilisimama chini sana, kama isimamavyo katika injini ya zamani. Naye akaamua kuwa ni uchakavu. Kesho yake akamwambia Nazarali aagize vipande.

Vipande vilifika kwa wakati, jambo ambalo Nazarali mwenyewe alilistaajabia. Injini ilinyanyuliwa kwa mnyororo uliofungwa katika magogo matatu. Kondo akalala chini ya gari, akafungua bakuli, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Vipi, fundi?" aliuliza Gaspar.

"Za kumimina."

"Zote?"

"Zote." Akatoka, akapangusa mikono. "Mzee Akberali alisema kweli yake mpaka alipouza. Mie nikamfanya shahidi wa jambo lililotokea akiwa hayupo. Kosa ni langu, Bwana Gaspar, si lake wala si la Didas."

Gaspar alishika njia ya nyumbani kwa miguu. Alipofika nyumbani na kueleza, Anastasia alifungua sanduku, akaitoa hotuba, akaiweka mezani karibu na taa, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Asubuhi iliyofuata, mara baada ya sala ya alfajiri, Kondo alikuwa mlangoni kwa Didas.

"Ulisema kweli," alisema, "na mie nilikukataa."

"Kwa sababu nakunywa?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia siku ile ile?"

"Niliona si adabu."

Didas alifungua mlango wote. "Kukataa maneno ya mtu nyuma ya mgongo wake, hiyo ndiyo adabu ya Temeke," akasema. "Ingia, mzee. Zile beringi nilizimimina mie mwenyewe mara ya mwisho. Kalibu ya kumiminia iko darini."

Kwa hiyo wawili hao waliyeyusha metali ya zamani, wakaongeza nyingine iliyookotwa katika injini zilizokufa, wakamimina, wakakwangua kwa kisu, wakapima, na zile zilizotoka na matundu wakaziyeyusha tena. Kazi ilichukua siku tisa. Kondo alisimamisha kazi kwa sala na Didas kwa kiu, na hesabu ya visimamo vyao ilikaribiana. Inasemekana tangu hapo Kondo hakuacha kuuliza nasaba za magari, ila alianza na mwuzaji wa mwisho, na wanywao aliwahoji asubuhi.

Mvua ilianza Jumanne. Pikapu ilitoka Ijumaa.

Wenye mashamba wawili walikuwa wamekwisha kumpa mzigo mtu mwingine, nao walimweleza Gaspar hivyo kwa upole, wakimpa na pole ya mvua. Wa tatu alikuwa mama mmoja mtu mzima, na nazi zake zilikuwa bado zimerundikwa chini ya kibanda.

"Shikamoo mama. Nimechelewa."

"Marahaba. Umechelewa kweli. Yule mwenzio alipita hapa juzi, anaendesha mbio, gari linarusha tope mpaka barazani kwangu. Nikamwambia nazi zangu hazina haraka."

Gaspar alipakia nazi mwenyewe huku mvua ikimnyeshea. Kondo, aliyekuja naye kusikiliza injini, aliketi mbele ameinamisha sikio hadi walipofika lami. Mzigo wa shamba moja haukutosha nyumba ya watu sita, na masika yale Anastasia alipika mihogo kwa namna nyingi. Lakini ofisini Gaspar hakurudi.