Redio Mbili Zinazotazamana

Sisi tuliokulia Mwanza enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, minofu ya sangara inapaa kwenda Ulaya na sisi tunakaanga mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa, muziki hatukuupakua. Tuliuazima. Kanda moja ikiingia mtaani kwetu Butimba, basi ni ya mtaa mzima, na mwenye nayo anaweza kukaa wiki nzima hajui iko nyumba gani. Ikijisokota tunaizungusha kwa kalamu. Betri zikichoka tunazianika juani juu ya jiwe, zinapata nguvu ya nyimbo mbili tatu, kisha mwimbaji anaanza kuimba kama mtu anayesinzia. Vijana wa leo wimbo ukisita kidogo tu wanasonya, eti mtandao unasumbua. Wangekuwepo wakati ule wangekiona cha moto!

Kunakili nako kulikuwa shughuli. Wenye uwezo walipeleka kanda zao Mirongo, kwenye vibanda vya kurekodi. Sisi wengine tuliazima redio ya jirani, tukaziweka redio mbili mezani zikitazamana, moja inaimba, nyingine inarekodi. Hapo nyumba nzima kimya. Kuku anafukuzwa, watoto wanatolewa nje, mwenye kikohozi atajijua mwenyewe. Na bado, karibu kila wimbo tulioupenda ulikuwa na mtu anayepiga chafya katikati. Hakuna aliyemuomba mwenzake ruhusa ya kunakili. Ukiazima kanda, inaeleweka hairudi kwa mwenyewe bila kuacha nakala.

Mama yetu alikuwa na kanda moja ambayo haikuwa ya muziki wa dansi wala wa kwaya. Mjomba alimrekodi bibi, mama yake Mama, kule kijijini Magu, akiimba wimbo wa kubembeleza watoto huku anapembua mtama. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Picha yake hatukuwa nayo hata moja, kwa hiyo kanda ile ndiyo iliyokuwa bibi. Jumapili baada ya kanisa Mama alikaa nayo mlangoni na bakuli la michembe ya viazi vitamu, akaisikiliza mpaka mwisho, na ole wake atakayemsemesha.

"Hii siyo ya kuchezea," alituambia. "Atakayeigusa nitamchuna ngozi. Mnanisikia?"

Tulimsikia. Na ili kuwa na uhakika, akavunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda ili isirekodiwe tena. Lakini mtoto gani wa mtaani hakujua dawa ya hilo? Unatafuna karatasi, unaziba matundu, redio inadanganyika. Kaka yangu Deo alikuwa fundi wa mambo hayo. Redio za watu binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, Deo kapagawa nazo, na siku moja, wimbo alioutaka umeshaanza kupigwa, akapapasa kwenye droo akaokota kanda ya kwanza aliyoishika. Lebo ilikuwa imebanduka. Aliona matundu, akatafuna karatasi, akarekodi mpaka pande zote mbili zikajaa.

Jumapili ile Mama akabonyeza redio, akatoka mtangazaji anabwata. Akageuza upande wa pili. Muziki. Akarudisha nyuma, akapeleka mbele, muziki. Deo alikuwa amesimama kando ya meza. Mimi nilikuwa nangojea fimbo, na kusema kweli niliitamani hiyo fimbo, kwa sababu Mama hakuinua hata mkono. Alisema taratibu, "Deo, leo ndiyo nimemzika mama yangu." Akaingia chumbani, akalala akiutazama ukuta. Hakupika siku hiyo.

Nyumbani kwetu ukikosa kosa kubwa hurudi peke yako. Unakwenda kwa mtu mzima, anakushika mkono, anakuja kukuombea msamaha. Deo akakimbilia kwa Mama Zuhura, jirani yetu mshona nguo, huku analia. Mama Zuhura hakumwacha hata amalize.

"Kanda ya bibi yako? Si ndiyo ile niliyoiazima kipindi cha Idi? Acha kulia wewe, mimi niliinakili! Tena nakala yenyewe mdogo wangu kaipenda, kaondoka nayo Busisi."

Alipokuja kumwambia Mama, Mama alikataa kabisa kuamini. "Usinipe moyo bure, jirani," alisema, bado kageukia ukutani. Basi kesho yake Mama Zuhura akafunga cherehani yake, akaenda kivukoni Kigongo, akavuka kwa pantoni. Jioni akarudi na kanda ameifunga kwenye pindo la khanga.

Tukaweka. Mkwaruzo kidogo, kisha bibi huyo, anaimba, na mtama unachakacha kwenye ungo. Mama alijifunika uso kwa viganja. Halafu, katikati ya wimbo, nyuma ya bibi, ikatoka sauti ya mtu anayeita kutoka uani:

"Hodi huko! Mama Zuhura! Jiko langu limezima, nigawie kaa la moto!"

"Shii! Nakuja!" Mama Zuhura alimjibu humo humo kwenye kanda kwa kunong'ona, na yule mtu akaangua kicheko.

Alikuwa ni Mama mwenyewe. "Kumbe siku ile ulikuwa unaniibia!" akamwambia jirani yake, akacheka huku machozi yanamtiririka. Deo alisamehewa hapo hapo.

Mama naye amekwishatutoka. Simu zetu zina picha zake mpaka zinakataa kupokea nyingine, lakini sauti yake, nani alikumbuka kuirekodi? Kanda ile tu. Deo ameihamishia kwenye kompyuta, ametutumia ndugu wote, tena ameihifadhi huko mtandaoni sehemu mbalimbali, hata simu zetu zote zikitumbukia ziwani isipotee. Mwezi uliopita mwanawe alikuwa anaisikiliza kwa visikizio, akasema kwa upole kabisa, "Baba, hii ina kelele nyingi nyuma. Kuna programu inazifuta zote, abaki bibi mkubwa peke yake anaimba. Ni kubonyeza tu."

Ukimya tulioutafuta kwa kufukuza kuku na watoto wa watu tukaukosa, yeye alikuwa nao kwenye kidole gumba. Deo alimpokonya simu kwa nguvu mpaka mtoto akaogopa.

"Usiguse," alisema. "Hizo kelele ni mama yangu."