Mama Wivine na kitenge cha miavuli kilichoogopwa na mji

Saa mbili kasoro asubuhi. Geti la chuma la Galerie Lupemba, duka la ghorofa mbili katikati ya Lubumbashi, limepandishwa usawa wa magoti tu, na tayari akina mama wawili wameinama wanataka kupita chini yake. Nje mvua inanyesha bila haya. Leo ni siku ya mwisho ya solde, lile punguzo la bei la msimu wa mvua, na hakuna mwanamke wa mji huu anayekubali kulowa bure.

Ndani, nyuma ya meza ndefu ya mbao, Wivine Ngoie anavuta jora la kitenge, anapima kwa mkono, anatia mkasi kidogo pembeni, kisha anaweka mkasi chini na kukipasua kwa mikono miwili. Praaa! Wateja wote wanageuka.

"Mukasi ni ya kufungua mulango tu," anasema. "Kikwembe ya muzuri inapasuka yenyewe, inafuata mustari. Kama inakataa, ujue balikudanganya."

Kikwembe ndilo jina la kitenge kwa watu wa hapa, na Wivine ameshika vikwembe tangu alipokuwa msichana. Sasa ana miaka arobaini na tisa. Babu yake aliletwa kutoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli, baba yake akafuata njia hiyohiyo, na yeye, kama anavyosema mwenyewe, "nilikosa treni, nikapata bitambaa."

Mshahara wake ni dola mia mbili na themanini kwa mwezi. Si fedha ya kujivunia barabarani. Lakini ndiyo iliyosimamisha vyumba vitatu mtaani Hewa Bora, na ndiyo iliyomfundisha ushonaji binti yake Abigaïl, ambaye wakati wa solde huleta cherehani yake na kukaa karibu na mlango wa duka, akishonea wateja mapindo papo hapo.

Ukimwona leo akitaniana na wateja, huwezi kudhani kwamba mwezi uliopita meza hii ilikuwa imeshahukumiwa. Ilibaki kuondolewa tu.

Kisa ni kitenge kimoja cha kijani chenye miavuli myekundu.

Kwa wauza vitenge wa Lubumbashi kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: kitenge kipya lazima kitoke dukani mara ya kwanza kwa furaha. Kitoke kwa harusi, kwa ubatizo, hata kwa sherehe ya shule. Kikishatoka hivyo, kinaweza kwenda popote. Kikitoka kwanza kwa msiba, basi.

"Kikwembe ya mupya iko sawa na mugeni," anaeleza Wivine. "Nyumba yenye anafikia kwanza, njo kule bantu banamujulia."

Mwaka jana, wiki ileile miavuli ilipofika, ikiwa bado imefungwa kamba, wakaingia dukani wanawake wa mtaa wa Ruashi wenye macho mekundu. Waliongozwa na Mama Marceline, mwanamke wa makamo wa familia ya wenyeji wa siku nyingi. Kaka yake, Mzee Kunda, mwalimu wa kwaya aliyependwa na mtaa mzima, alikuwa ameanguka ghafla na kufariki. Walitaka sare ya mazishi ya kuwatosha wanawake wote wa ukoo. Kitenge cheusi kilikuwa kimekwisha. Vitenge vya michoro mingine vilibaki vipande vipande. Kitenge kimoja tu kingeweza kuwatosha wote, na hicho kilikuwa bado hakijaonwa na jua.

Je, aliwauzia akijua? Wivine hasiti hata kidogo.

"Nilijua sana! Lakini bale bamama balikuwa benye kulia mbele yangu. Ningebaambia nini? Muende, murudie harusi ikishapita?"

Akakata kamba. Wakazika wakiwa wamependeza, kijani kitupu na miavuli tele, na picha zikazunguka kwenye simu za mji mzima kabla ya jeneza kufika makaburini. Loh! Kitenge kikapata jina siku ileile: Kilio ya Ruashi.

Tangu hapo wateja walikuwa wakikigusa na kurudisha mkono kana kwamba kimewauma. Mama mmoja aliyekuwa akitafuta sare ya harusi ya mwanawe alimkaripia Wivine mbele za watu: "Weye, unataka kunizikia mukwe mbele ya kunifikia?" Majora yakarudi kwenye rafu za juu, na mengine yakajaa chini ya meza. Duka lilikuwa limeagiza mengi mno.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, meneja wa duka, Jean-Claude, mtu mpole ambaye hupangusa miwani yake kila anapotaka kusema jambo gumu, aliipangusa kwa muda mrefu mbele ya Wivine. Kisha akamwambia kwamba solde inayokuja ndiyo nafasi ya mwisho. Miavuli isipotoka, meza ya vitambaa inaondoka, na nafasi yake inachukuliwa na magauni yaliyoshonwa tayari.

"Mama Wivine, siko na shida na weye," alimwambia. "Lakini meza ya bitambaa haiwezi kugeuka makaburi."

Magauni yaliyoshonwa tayari hayahitaji mtu wa kupasua. Wivine alilielewa hilo bila kutafsiriwa.

"Nililia," anasema. "Usiniulize mara mbili."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikwenda Ruashi. Hakwenda mikono mitupu. Alibeba unga na sukari, kwa sababu familia ya Mzee Kunda ilikuwa karibu kuondoa msiba, yaani kufunga rasmi maombolezo, na mtu haingii nyumba ya namna hiyo akipunga mikono. Alisalimia, akakaa, akapewa maji, na mwishowe akamweleza Mama Marceline yaliyompata. Alitaka kuuliza jambo moja tu: je, familia ingeweza kuvaa miavuli tena, safari hii kwa furaha, ili mji uone?

Mama Marceline aliinamisha kichwa.

"Sitaweza, mama yangu," alisema. "Nikiona ile kikwembe, naona sanduku ya kaka yangu. Unisamehe."

Wivine anasema alihisi aibu hadi kwenye nyayo. Alikuwa ameomba kitu kisichoombwa. Alisimama ili aage, na hapo ndipo kicheko kikubwa kikalipuka kutoka uani.

Aliyecheka ni Chileshe. Huyu ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuuzia samaki, na kwa nyumba ile yeye si ndugu wala si mgeni: ni mtani. Ukoo wa Mama Marceline ni wa Mbuzi, na Chileshe ni wa Chui. Kila mtu anajua chui na mbuzi wanavyojuana. Ndiyo maana siku ya msiba wa Mbuzi, ni Chui wanaoosha maiti, ni Chui wanaochimba kaburi, na ni Chui pekee wanaoruhusiwa kucheka na kuchekesha pale ambapo mtu mwingine angepigwa.

"Ba-Mbuzi banaogopa kitambaa!" Chileshe alipiga makofi. "Muzee Kunda mulishamuzika. Sasa munataka muzike na kikwembe?"

Mtani hajibiwi. Chileshe aliendelea kutoa amri. Siku ya kuondoa msiba, Chui wana haki ya kuwanyang'anya wafiwa nguo zao za kilio. Basi wangezichukua zote, wasizitupe wala wasizichome, bali wazishone upya na kuzivaa.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku ilipofika, Chui waliwavamia Mbuzi kwa vigelegele na kuondoka na mafurushi. Wivine akayapokea, Abigaïl akayafumua. Alishona mikono iliyojaa kama maandazi, viuno vya kubana, migongo ya kufungwa kwa utepe. "Nilishona nacheka tu," anasema Abigaïl. "Nilijua bamama ya mujini batakufa na wivu."

Asubuhi ya kwanza ya solde, duka likiwa limefurika, mlangoni ulisikika wimbo. Chui waliingia wakicheza, miavuli mitupu kuanzia kichwani hadi miguuni, Chileshe akiwa mbele.

"Tumekula mbuzi!" alipaza sauti, akijizungusha. "Ngozi yake njo hii!"

Wateja wakarudi nyuma. Watu walikuwa wamekitambua kitenge. Na zaidi ya hapo, walikuwa wamemtambua mwanamke aliyeingia wa mwisho, amevaa gauni lake la kawaida la bluu. Alikuwa Mama Marceline. Hakuna aliyekuwa amemwita, alikuja mwenyewe. Wivine anasema hapo alishika ukingo wa meza. Kama yule mama angelia, mambo yangekuwa yameishia hapo.

Chileshe alimwendea, akamgeuzia mgongo ili aone vizuri utepe. Mama Marceline alinyoosha mkono, akaishika ile nguo aliyokuwa ameivaa kaburini. Aliitazama, machozi yakamtoka. Kisha akampiga Chileshe kofi la makalio.

"Mwizi weye! Ngozi yangu inakupendeza kunipita!"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Na kabla hakijaisha, sauti moja ikauliza kutoka katikati ya watu, "Ile ya mikono ya kujaa, mutu anaweza kupata yake?" Alikuwa yule yule mama wa mkwe.

Wivine alipasua kitambaa hadi vidole vikamvimba. Kipande cha yadi sita kilikuwa kimeshushwa hadi faranga elfu kumi na tano, lakini kufikia katikati ya wiki watu wangelipa hata bei ya zamani. Siku hizi hakuna anayesema Kilio ya Ruashi. Wanaingia wakiomba Ngozi ya Mbuzi, tena kwa kuagiza, kama wanaomba nyama buchani.

Jean-Claude amekwisha kusema kwamba meza inabaki. Amesema hivyo bila kupangusa miwani. Tena ameagiza mzigo mpya: kitenge cha njano chenye funguo za buluu, kilichovuka mpaka wa Mokambo juzi na kufika jana. Kimelazwa nyuma ya meza, kikiwa bado na kamba zake, kinasubiri kupambwa dirishani Jumatatu kwa ajili ya sikukuu ya wanawake ya Machi nane.

"Hii itoke na furaha, Mama Wivine," amemkumbusha leo asubuhi, akicheka. "Tafadhali."

Ni saa sita mchana. Mvua imepungua. Ghafla kelele za duka zinashuka, na anayejua mji huu hahitaji kuambiwa sababu. Wanawake wameingia wakiwa wameshikana mikono, vitambaa vimefungwa kichwani ovyo, macho mekundu. Watu wanawapisha bila kuombwa.

"Mama, tuko benye kilio," anasema mkubwa wao. "Mama yetu alitutoka. Tuko bengi, tunatafuta rangi moja."

Kitenge cheusi kimekwisha, solde haibagui. Miavuli iliyobaki haitoshi hata watu watatu. Wivine anawapa pole, anawavutia viti, anapekua rafu moja baada ya nyingine. Kisha anasimama akitazama chini, nyuma ya meza yake. Jean-Claude, aliye karibu na mashine ya fedha, anatazama hapohapo.

Wivine anachukua mkasi na kukata kamba.

"Mama Wivine," meneja anasema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, patron."

Jean-Claude anatikisa kichwa, anavua koti lake, anazunguka meza na kushika ncha ya pili ya kitambaa ili kisiburuzike sakafuni. Praaa! Njano inapasuka, mara ya kwanza, tena, na tena, mpaka kila mwanamke amepata chake. Wivine anawasindikiza hadi mlangoni, anawashika mikono mmoja mmoja.

Anaporudi, anajitupa kwenye kiti na kupiga simu. "Alo, Chileshe? Utafute biatu ya kucheza. Hapana, haiko ba-Mbuzi. Nitauliza bale batani babo ni banani, utabafundisha kazi." Anakata simu akicheka mwenyewe.

Lakini hakusudii kuwaachia watani kazi yote. Mwezi wa sita Abigaïl anaolewa, na familia bado haijachagua sare. Wivine amekwisha kuchagua, hapo hapo kwenye kiti.

"Tutavaa hii ya njano," anasema. "Miye mama ya bibi-arusi, njo nitatangulia mbele ya bantu bote. Kilio ilipita, harusi itafuata nyuma. Dunia yenyewe iko vile, haiko miye niliipanga. Na hii meza, nataka ikae fasi yenye mutu anaweza kuingia na kicheko ao na machozi, na bote babili banatoka na nguo."

Haogopi maneno ya watu? Harusi ni ya mwanawe wa pekee.

Kabla hajajibu, cherehani iliyo karibu na mlango inanyamaza. Abigaïl alikuwa anasikia yote. Anatoa pini mdomoni, moja moja, anazichomeka kwenye mto wake, anainuka na kuja hadi mezani. Anaupitisha mkono juu ya zile funguo za buluu.

"Mama, ya kwangu uipasue leo," anasema. "Bibi-arusi hawezi kuvaa mabaki."

Wivine anavuta jora karibu. Anajifuta macho kwa ncha ya kitenge, hajifichi.

"Simama basi," anasema, "nikupime."