Nimemwamkia mtoto, nikashikwa mikono mlangoni

Leo nimemwamkia mtoto wa miaka sita kabla hajaniamkia, na mama yake karibu azimie.

Niko Sundbyberg, Sweden, kwa mdogo wangu Gerald. Mkewe ni Mthai. Nimefanyia mazoezi salamu yao njia nzima kwenye ndege: viganja pamoja kifuani, kichwa chini.

Mlango kufunguliwa tu, binti yao huyo hapo. Nikainama kama nimeona malkia!

Wifi akanidaka mikono. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Wifi, hapana! Mdogo anaanza. Mkubwa anaitikia tu."

Jamani, si ndiyo shikamoo hiyo? Nimeisahau yangu nikikimbilia yao!

Nikamgeukia Gerald. "Na huyu umemfundisha shikamoo?"

Akaanza kukagua viatu vilivyovuliwa mlangoni. "Dada, huku watoto wanasema 'hej' tu..."

Hajamaliza, mtoto kaunganisha viganja, kainamisha kichwa:

"Shikamoo, shangazi."

Marahaba yangu imetoka na machozi.

"Nani kakufundisha, mama?"

"Mamma."

Gerald, mzaliwa wa Moshi, bado anakagua viatu.

Haya, semeni nyie: Mtanzania wa nyumba hii ni nani?