Meno ya Maji ya Chai

Helena alizaliwa Maji ya Chai, kule Arumeru, na aliyepaita hivyo hakutia chumvi. Mto wa pale una rangi ya chai, na maji wanayokunywa watu yana madini ya floridi kupita kiasi. Mtoto akikua nayo, meno yake ya ukubwani hutoka ufizini yakiwa tayari ya kahawia, na utayasugua kwa mswaki mpaka uchoke. Kwao hakuna aliyejali. Baba alikuwa nayo, mama alikuwa nayo, mchungaji alikuwa nayo, na kwaya nzima ilifumbua midomo Jumapili bila kumwonea mtu haya. Mama yake ndiye aliyekuwa mcheshi wa mtaa. Akicheka unamwona mpaka magego.

Kilichomponza Helena ni kupangiwa kazi Mtwara. Alipewa shule ya msingi, akapanga chumba Rahaleo, akaolewa na Danieli, karani wa bandarini, kijana wa Masasi, wakamzaa Baraka. Huku Kusini mtu hawi na meno ya kahawia hivihivi. Sababu lazima iwepo, na wanayoijua wao ni moja tu, tumbaku.

Wengi walinong'ona. Jirani yake Bibi Tabu, mama mtu mzima wa Mikindani, hakuwa mtu wa kunong'ona. Alikuja na kifurushi chini ya kanga.

"Mama Baraka, mwanangu, usinionee haya. Mwalimu wewe, utasimamaje sokoni kununua ugoro, wanafunzi wanakuona? Huu safi, umetoka Newala. Hata mimi naweka kidogo."

Sasa angemjibu nini? Amwambie mtu mzima aliyetembea juani kwa ajili yake kwamba amekosea? Alifumbua mdomo aeleze, akakumbuka kilichomo mdomoni, akaufumba.

"Ahsante, Bibi."

Hapo ndipo alipojitia kitanzi. Maana ugoro alioupokea mara ya kwanza angeukataaje mara ya pili? Bibi Tabu akawa analeta, yeye anapokea, vifurushi vinajaa kwenye ndoo iliyofichwa jikoni. Danieli akatania kwamba karibu watafungua duka. Mtaani habari ikawa imethibitika, kwa sababu nani asiyejua kwamba Bibi Tabu humpelekea?

Basi akaufunga mdomo. Shuleni wakambandika jina Mwalimu Nuna, naye hakuwa mnunaji hata kidogo. Ofisini wenzake wakichekeshana, yeye huinama kama anayetafuta kalamu chini ya meza, anacheka na sakafu. Picha zote amebana midomo. Miaka ikapita hivyo, na vichekesho alikuwa navyo tele, hana mahali pa kuvitolea. Akienda likizo kwao ndipo kicheko hutoka. Yeye na mama yake hucheka mpaka wanashikana mabega.

"Mke wangu unamwachaga stendi ya Arusha," Danieli alimwambia waliporudi safari moja. "Mimi huyu wa kule ndiye namtaka. Mlete Mtwara."

Maneno hayo yalimuuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Hata yeye alikuwa amemkumbuka huyo mwanamke.

Danieli ndiye aliyesikia habari za Daktari Abdulmalik, mwenye kliniki ya meno mjini. Helena akaenda akitarajia koleo. Daktari akamwangalia mdomoni, akauliza, "Mwalimu, maji ya Arusha au ya Singida?"

Machozi yakamlengalenga. Tangu afike Mtwara alikuwa hajakutana na mtu wa kumuuliza hivyo.

Daktari akamweleza kwamba rangi imelala kwenye tabaka la juu. Hatang'oa, hatachoma sindano, wala hatavalisha jino kofia. Atasugua tu kwa dawa kali kidogo iliyochanganywa na unga laini, aondoe utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, kisha ang'arishe na kupaka dawa ya kukaza. Vishimo viwili vya mbele atavijaza kwa kijazo cha rangi ya jino. "Yakitoka hapo, kwa siku chache, kinachotia doa shati jeupe usikile. Chai ya rangi, binzari, acha."

Akamfunika fizi kwa kipande cha mpira, akaanza. Helena alilala chini ya taa, mdomo wazi kuliko ulivyowahi kuwa wazi Mtwara, akisikia kijibrashi kikizunguka jinoni. Akaenda tena, na tena. Siku ya mwisho alipewa kioo. Meno yalikuwa meupe, yenye mawingu mepesi hapa na pale. Alijitazama mpaka daktari akamwomba radhi, kuna mgonjwa mwingine anangoja.

Mtu wa kwanza Helena kumtabasamia alikuwa Bibi Tabu, mlangoni kwake. Bibi akainua mikono yote miwili.

"Alhamdulillahi! Mama Baraka umeacha!"

"Bibi, sikuwahi kutumia. Ni maji ya kwetu."

"Wote ndivyo tunavyosema, mwanangu," akamjibu kwa huruma, akimpapasa mkono. Jioni ile Helena akaletewa wanawake wawili wanaotaka kujua mtu huachaje.

Akawaambia wanywe maji mengi. Angefanya nini? Lakini walipoondoka alicheka peke yake jikoni, kwa sauti, na Danieli akatoka chumbani kuja kumwona. Alitaka na mama yake amwone. Akampigia simu ya video.

Mama alitokea akicheka tayari, kama kawaida yake. "Enhe, niambie!"

"Mama, ona."

Mama akasogeza uso karibu na kioo cha simu. Kicheko kikakatika.

"Mazuri," alisema. "Mazuri sana. Kumbe yale yalikuwa yanakutesa?"

"Kidogo tu, Mama."

"Hukuniambia. Na siku ya harusi yako mimi nilikaa mbele ya wakwe zako, nikacheka kutwa nzima. Walisemaje?"

"Hawakusema kitu, Mama."

Walikuwa wamesema, na mama alimjua mwanawe. Picha ikayumba, ikaonyesha mbao za dari, ikatulia hapo.

"Mama, sikuoni."

"Mkono umechoka mwanangu. Tuongee tu."

Wakaongea. Helena alimhadithia habari ya Bibi Tabu na wale wanawake, akaisimulia kwa madoido yote, kisha akangoja kicheko. Kutoka chini ya ile dari mama akaitika, "Mm."