Dakika Kumi na Tisa za Maulida

Latifu ana studio ya chumba kimoja Kisarawe, na harusi nyingi za kule anapiga video yeye. Usiniambie siku hizi simu inatosha. Kaangalie video aliyorekodi shangazi yako: dole gumba na migongo ya watu.

Mke wake, Maulida, alifariki mwezi wa tatu kwa kansa. Wiki mbili kabla alimwambia, "Baba Biasha, niwekee kamera hapa, halafu utoke. Nataka kuongea na mwanangu." Biasha ana miaka miwili. Video ilikuwa ya kuja kuangalia akikua. Latifu akawasha kamera, akatoka, akafunga mlango. Dakika kumi na tisa. Akaihamishia kwenye kompyuta, memori kadi akaifuta, maana Jumamosi kulikuwa na harusi ya watu. Kuiangalia hakuwahi. Aliogopa, basi.

Mwezi wa sita kompyuta ikaomba apdeti ya kuhamia windows mpya. Akakubali. Ikamaliza, ikajizima, ikawaka tena: skrini nyeusi. Feni inazunguka, taa zinawaka, picha hakuna. Kadi yake ya grafiki, ile inayotoa picha kwenye skrini, ni kuukuu, ya mtumba, na apdeti ilikuwa imeiwekea draiva mpya, programu ya kuiendesha, ambayo haiivi nayo. Shida ilikuwa hiyo tu. Yeye akachomoa kadi, akapuliza vumbi, akairudisha, akabadilisha waya. Wapi.

Siku ya tatu akaibeba mpaka Mkuza, kule Kibaha, kwa fundi Ipyana anayesifika kwa haraka.

"Bro, dawa yake moja. Tunafuta, tunapiga windows upya."

"Sipotezi kitu?"

"Kazi zako ziko diski C au D?"

"D. Zote."

"Sasa unaogopa nini kama bibi harusi? Tunafuta C, iliko windows. D haiguswi."

Na Latifu hakudanganya. Harusi zote za watu zilikuwa D, zimepangwa kwa majina na tarehe. Ya Maulida ndiyo hakutaka kuichanganya na harusi za watu. Aliiweka kwenye desktopu, peke yake, ili kila akiwasha kompyuta aione pale mbele. Na vitu vya desktopu vinakaa C. Anajua. Kila mtu wa kazi ile anajua. Ila aliulizwa habari za kazi, akajibu habari za kazi.

Windows ikapigwa. Kompyuta ikawaka, ikavuta draiva ileile mtandaoni, skrini ikawa nyeusi vilevile. Ndipo Ipyana akatulia kama mtu mwenye akili. Akaingia kwa sefu modi, ile ya kuwasha kompyuta bila draiva za ziada, akaing'oa ile draiva, akatafuta ya zamani, akaiweka. Dakika ishirini. Angeanza na hilo, nisingekuwa naandika hapa.

Picha ikarudi. Desktopu tupu.

"Ipyana, faili langu la hapa liko wapi?"

"Faili gani? Si umesema D?"

Ipyana alipoambiwa ni faili gani, utani ukamwisha. Siku nne akahangaika na programu za kufufua mafaili. Likarudi jina tu. Ukilibonyeza, halifunguki.

Wiki iliyofuata Swaumu, mdogo wake Maulida anayemlea mtoto, akaja studio na flashi.

"Shemeji, nitilie ile video ya dada, na mimi nimtunzie Biasha."

"Imefutika."

"Imefutika? Ya harusi ya Mwinyimadi unayo?"

"Ninayo."

"Mwinyimadi si kashamwacha yule mke?"

"Kamwacha."

Swaumu akakaa kwenye benchi.

"Haya, niambie dada alisema nini. Mtoto nitamwambia mwenyewe kwa mdomo."

"Sijui, shemeji. Alinitoa nje."

"Na mlango wenu ule wa mabanzi hukusikia hata neno?"

"Nilisikia kacheka. Mara moja."

"Kacheka nini?"

Latifu akatikisa kichwa. Swaumu akaifunga flashi kwenye ncha ya kanga, akaondoka bila kuaga.