Shangazi, Chumba Kinanukia

Tarehe 9 Mei 2011, ofisi ya ustawi wa jamii ilimpa mwanamke mmoja kibali cha kulea watoto wadogo nyumbani kwake, wasiozidi wanane. Kibali hicho, ambacho huongezwa muda kila baada ya ukaguzi, kimetundikwa ukumbini kwenye fremu, juu ya ndoano za mikoba midogo. Jina lake limeandikwa pale kwa ukamilifu, lakini hakuna anayelitumia. Watoto wanamwita Shangazi, wazazi wao wanamwita Shangazi, na fundi viatu wa mtaa wa pili, ambaye kamzidi umri kwa mbali, naye anamwita Shangazi.

Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Anaweza kumfunga mtoto mmoja kamba za viatu huku akimfuta mwingine kamasi na kumjibu wa tatu kwa nini mwezi hauanguki. Kiungo kimoja tu ndicho kisichomsaidia: pua. Tangu utotoni ana mafua yasiyokwisha, na harufu humfikia nusunusu, ikiwa itamfikia kabisa. Mumewe, dereva wa lori ambaye watoto wanamwita Babu Lori, husema mkewe aliwekewa pua ili miwani isianguke.

Nyumba ina sheria chache, na moja inahusu neno. Miaka michache iliyopita mtoto mmoja alimwambia mwenzake, "Unanuka." Mwenzake alilia hadi wakati wa kulala mchana, na kesho yake neno hilo likawa wimbo wa chumba kizima. Shangazi akalipiga marufuku. Katika nyumba hii, alitangaza, hakuna kinachonuka. Kila kitu kinanukia. Nepi inanukia. Soksi zinanukia. Iliongezwa herufi moja tu, amani ikarudi. Watoto wapya walipokuja walifundishwa hivyo na wakubwa wao, siku ileile walipoonyeshwa mahali pa kuweka kikombe.

Kwa hiyo bomba la sinki lilipoanza kuvuja, nyumba ilipewa taarifa mapema, na kwa adabu.

Wa kwanza kusema alikuwa mvulana wa miaka minne anayeitwa Wakili, kwa sababu hakubali jambo bila maelezo. Alisimama katikati ya chumba cha kuchezea, akavuta pumzi, akasema, "Shangazi, chumba kinanukia."

"Asante, mwanangu."

"Kinanukia sana."

"Ni ile sabuni mpya ya sakafu," Shangazi alisema, akafurahi kwamba kuna mtu ameitambua. Kesho yake aliongeza sabuni.

Wiki nzima watoto walimsifia chumba. Kona ya vitabu inanukia. Godoro la sponji linanukia. Msichana mmoja mpole, ambaye wenzake wanamwita Kimya, alihamisha mwanasesere wake hadi barazani na kueleza kwamba humo ndani kunanukia mno. Babu Lori alikuwa safarini. Wazazi walikuwa wakiishia mlangoni, kama ilivyo kawaida yao asubuhi, mguu mmoja ndani na mwingine njiani kuelekea kazini.

Mama yake Wakili, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyeingia hadi ndani, kutafuta kiatu kilichopotea. Hakukitafuta kwa muda mrefu.

"Shangazi, nisamehe, lakini humu mnanuka."

Wakili aliziba mdomo kwa mikono miwili, kisha akaiondoa.

"Mama! Hatusemi hivyo!"

"Mnasemaje?"

"Tunasema kunanukia. Mimi nimemwambia Shangazi kila siku."

Shangazi alikaa kwenye kiti cha karibu, ambacho kilikuwa cha mtoto wa miaka mitatu. Anasema aliisikia ile herufi moja ikitoka kwenye kila sentensi ya wiki nzima, moja baada ya nyingine.

Muuguzi aliinua pembe ya zulia la plastiki. Chini yake sakafu ilikuwa nyeusi na yenye utelezi, na unyevu ulikuwa umetambaa kutoka ukuta wa jikoni hadi chini ya rafu ya vitabu. Hakugomba. Alisema tu kwamba mwanawe atakaa kwa bibi yake mpaka maji machafu yaondoke chumbani, na kwamba angemshauri kila mzazi afanye vivyo hivyo. Kisha akakumbusha jambo ambalo Shangazi hakuhitaji kukumbushwa: mkaguzi wa ustawi wa jamii alikuwa anakuja Ijumaa. Maji ya bomba la taka kwenye chumba cha watoto yanatosha kusimamisha kibali.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Watoto waliobaki walihamishiwa barazani na uani, na Shangazi akampigia simu mumewe, fundi bomba, na wifi yake, kwa mpangilio huo.

Wifi alifika wa kwanza. Ni dada mkubwa wa Babu Lori, mshonaji wa mapazia, na hajawahi kuingia nyumba ya kaka yake bila neno la kumchokoza mkewe.

"Wifi, umekaa na choo ndani wiki nzima ukikishukuru?"

"Nilikishukuru vizuri. Ingia, leta hiyo pua yako ndefu, leo ina kazi."

Wifi alipiga magoti na kunusa kando ya ukuta mzima, sketi ameikunja, mpaka kwenye kabati la sinki. "Hapa ndipo kwao," alisema.

Fundi bomba alilala chali kabatini, miguu ikabaki jikoni, na akaongea akiwa humo. Lile bomba lililopinda chini ya sinki, alieleza, limepindwa kwa makusudi ili maji yakae pale na kuziba hewa ya mtaro isirudi ndani. Mpira wa kiungo ulikuwa umechoka. Maji yaliyokuwa yakimwagwa yalivujia ukutani, na yaliyopaswa kubaki kwenye pindo hilo la bomba yalichuruzika, hewa ya mtaro ikapata mlango. "Mlikuwa na harufu mbili," alisema, kama mtu anayehesabu samani. "Ya maji na ya hewa."

Alibadilisha pindo lote na mpira wake, akajaza sinki, akalifungulia, kisha akapitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Karatasi ilitoka kavu. Alipoondoka harufu ilikuwa bado palepale.

Babu Lori alirudi jioni hiyo na suluhisho lake mfukoni, chupa mbili za manukato ya gari. Alipulizia ukumbini, jikoni na chumba cha watoto, akasimama katikati ya wingu akiwa ameridhika.

"Sasa je?"

"Sasa ni choo kilichovaa suti," dada yake alisema. "Kaka, toka nje."

Hakutoka. Jumanne alionekana na ndoo, ndani yake dawa ya klorini, mkono wa pili ameshika siki, tayari kuvichanganya ili vipate nguvu. Shangazi alimpokonya siki. Pua yake haifanyi kazi, lakini maandishi ya kwenye chupa huyasoma yote, na ya chupa ya klorini yalionya kwamba mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha na isiyo na siri. Zulia la plastiki liling'olewa na kutupwa. Godoro la sponji, ambalo lilikuwa limekunywa maji kama chai, lilitupwa pia, pamoja na ubao wa chini ya kabati uliokuwa umevimba. Sakafu ilisuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, ikasuuzwa, ikapakwa klorini, ikaachwa kidogo, ikasuuzwa tena. Vitalu vya mbao vilioshwa na kuanikwa juani, wanasesere wakaning'inizwa kwenye kamba kwa masikio. Madirisha yalibaki wazi, feni ikaelekezwa ukutani, na karai la mkaa mkavu likawekwa kwenye kila kona lifyonze kilichobaki.

Jumatano jioni walisimama watatu kwenye chumba kitupu.

"Mimi sisikii kitu," Babu Lori alisema.

"Hata mimi," dada yake alisema. "Lakini nimekaa humu tangu juzi. Pua yangu imeshakuwa mwenyeji."

Wote wawili walimtazama Shangazi, kisha wakaona hakuna maana.

Alhamisi asubuhi Shangazi aliwakusanya watoto uani. Alikuwa amemwomba muuguzi amlete Wakili kwa saa moja, kama shahidi, na muuguzi alibaki langoni kusikiliza.

"Leo tunalirudisha neno," Shangazi alisema. "Kitu kikinuka, semeni kinanuka. Nilikosea kuwanyima. Lakini mtu hatumwambii hivyo. Tumeelewana?"

Wakili aliinua mkono. "Soksi za Babu Lori?"

"Soksi ni kitu."

"Akiwa amezivaa?"

Shangazi alifikiri. "Zikiwa zimevaliwa, tunanyamaza."

"Mimi sijasema neno," Babu Lori alisema kutoka barazani.

Watoto waliingia kwa kishindo. Walikuwa wamefungiwa neno hilo tangu siku ya kwanza walipokuja, kwa hiyo walilitumia bila huruma. Siki inanuka. Mkaa haunuki. Viatu vya mlangoni vinanuka, hasa vile vikubwa. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Katikati ya makelele hayo Kimya alikuwa amechuchumaa nyuma ya mahali palipokuwa na rafu ya vitabu. Shangazi alimwona, akainama karibu naye.

"Hapa pananuka," Kimya alisema polepole.

Palikuwa na tundu ukutani, pale bomba linapotoka jikoni. Babu Lori aliingiza koleo na kuvuta. Kitambaa kilitoka kidogo kidogo, kijivu, kizito, kikichuruzika.

"Nilikiweka mimi," alisema. "Kuzuia panya."

Dada yake alikitazama kwa karibu kuliko ilivyopendeza. "Hii si ile fulana niliyokuletea siku yako ya kuzaliwa?"

"Ilizuia panya vizuri sana, dada."

Tundu lilioshwa, likakaushwa, likazibwa kwa saruji mchana huohuo. Jioni watoto walipitishwa tena, mmojammoja. Hawakupata kitu cha kulaumu, isipokuwa viatu.

Mkaguzi alikuja Ijumaa kabla ya saa nne, mwanamke mfupi mwenye tochi yake mwenyewe. Shangazi hakusubiri aulizwe. Alimpeleka moja kwa moja jikoni, akafungua kabati, akamwonyesha pindo jipya, tundu lililozibwa na alama ya maji iliyokuwa bado inafifia ukutani, na akamsimulia yote, pamoja na ile wiki ya kushukuru. Mkaguzi alisikiliza bila kutabasamu mpaka Shangazi alipofika kwenye sabuni ya sakafu.

"Uliongeza?"

"Niliongeza."

Mkaguzi alizima tochi na kugeukia dirishani kwa muda. Aliporudi alikuwa na sura ya kazi. Alipapasa ukuta kwa kiganja, akanusa kabatini, akapiga magoti kwenye ile kona na kunusa hapo kwa muda mrefu zaidi. Kisha akasema kibali kitaongezwa, kwa sharti kwamba zulia jipya lisitandikwe mpaka ukuta ukauke hadi ndani.

"Na mtafute mtu wa kunusa," alisema.

"Ninao wanane," Shangazi alijibu.

Chumba cha kuchezea kitafunguliwa Jumatatu saa moja asubuhi, sakafu ikiwa tupu. Wakili anarudi na wenzake, na mkaguzi atakuja kuangalia ukuta mwisho wa mwezi.