Kaa Hapo, Nakuja

Usinitazame hivyo. Najua unachofikiri, maana hata mimi ningefikiri hivyo hivyo kama ungenisimulia wewe. Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kukaa na watu wanaosema wameona marehemu wao, kuwapa maji ya kunywa, na kuwaeleza taratibu kwamba walichokiona ni huzuni yao wenyewe. Mimi ni mshauri nasaha. Nimesomea, cheti kipo ukutani kwangu Kigera. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba nilimwona mdogo wangu Nyangeta, tuliyemzika Butiama nikiwa na miaka kumi na mitatu, ujue sijakurupuka. Nilimwona saa nane mchana, jua linawaka, mbele ya watu kumi na wanne.

Nianze na kazi yenyewe, maana ndiyo iliyonipa kiburi. Nilikuwa naendesha semina za kujitafakari, leo Musoma, kesho Bunda, popote walipoweza kunipa ukumbi na viti. Niliwafundisha watu kuandika ndoto zao asubuhi kabla hawajasema na mtu. Niliwaambia kwamba kila mtu ana upande wa nafsi anaoukimbia, na kwamba upande huo haufi, unakaa chini unasubiri. Halafu kulikuwa na zoezi langu ambalo watu walilipenda kuliko yote. Fumba macho. Ona ngazi zinazoshuka ndani yako. Shuka. Mwisho wa ngazi kuna mlango, ufungue, utazame ni nani amekaa humo chumbani. Watu walilia, nakwambia. Mwalimu mmoja, mwanamume mzima mwenye wajukuu, aligaagaa sakafuni akimwomba baba yake msamaha.

Mimi mwenyewe nilishuka kila alfajiri, na chumba changu kilikuwa safi. Kiti kimoja, sakafu imefagiliwa, dirisha linalotazama maji. Niliamini ni ziwa, maana ndilo ninaloliona kila siku. Hakukuwa na mtu. Nikawa najisifu kimoyomoyo kwamba nimejijua mpaka chini kabisa, na nilipowatazama wale wanaolia niliwadharau kidogo. Kidogo? Leo niseme ukweli. Niliwadharau sana.

Siku hiyo tulikuwa Nyamuswa, kwenye ukumbi wa kanisa, walimu na kinamama wa kikundi. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, lakini sauti yangu ya kazini ilikuwa palepale. Nikawafumbisha macho, nikawashusha ngazi. Nilipofumbua macho kuangalia saa, nikaona kule nyuma karibu na mlango msichana ambaye hakufumba. Sikuwa nimemwona akiingia. Alionekana wa miaka ishirini na mitano hivi, gauni limelowa kuanzia kiunoni kwenda chini, na Nyamuswa ilikuwa haijaona mvua mwezi mzima. Alikuwa ananitazama kwa utulivu, kama mtu aliyepanga foleni na anajua zamu yake inafika.

Ulipofika wakati wa kila mmoja kusema alichokiona, akanyoosha mkono wa kushoto. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na kovu la moto. Nililijua kovu lile kabla sijaujua uso, kwa sababu mimi ndiye niliyemvuta jikoni siku alipoangukia moto.

"Mimi sikushuka ngazi," akasema. "Nilikuwepo tu kwako. Huwaga nasimama nje ya dirisha lako."

Nikamuuliza, kwa sauti ileile ya kazini, anaona nini pale nje.

"Yale maji siyo ziwa, dada. Ni lambo. Waambie nilikaa."

Akainuka akatoka. Hakupotea kama moshi, usinitungie. Alitoka mlangoni kwa miguu, na kiti chake kilibaki na maji. Mama mmoja wa kikundi akakipangusa kwa kanga yake, akaniuliza, "Yule ni mdogo wako? Mmefanana mpaka mwendo." Nikasema hapana.

Sasa nikueleze lambo, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe kijijini kwetu. Nyangeta alikuwa na kifafa. Ndiyo maana lile kovu. Amri ya mama ilikuwa moja tu, asiachwe peke yake kwenye moto wala kwenye maji. Alikuwa na miaka minane na alinifuata kila mahali, na mimi nilikuwa nimechoka kufuatwa na mtoto anayeanguka mbele ya marafiki zangu. Tukatumwa maji lamboni. Pale senta ya kijiji kulikuwa na banda la video, na wenzangu walikuwa wanaenda kuangalia. Nikamweka juu ya jiwe pembeni ya maji, nikamwambia, "Kaa hapo, nakuja." Akasema sawa. Nilikaa bandani saa mbili nzima. Niliporudi ndoo zilikuwa pale pale. Yeye alikuwa ndani ya maji, miguu imegusa lile jiwe. Kifafa kilimkuta akiwa amekaa palepale nilipomweka.

Ungewaambiaje? Mimi niliwaambia kwamba nilimkataza asinitoroke akanitoroka, kwamba nilimtafuta kichakani huku na huku, na yeye kumbe kakimbilia lamboni. Wakaniamini mara moja. Wakanipa uji na shuka.

Na hapa lazima uelewe jambo la kwetu. Mtoto mchanga akikataa ziwa la mama, bibi yake humshika, humwekea titi mdomoni, na kuita majina ya marehemu wa ukoo moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atashika titi likitajwa, ndilo lake. Huyo ndiye aliyerudi. Ndivyo wafu wetu wanavyobaki nasi. Lakini siku ya mazishi, mama, kwa uchungu wa mtoto aliyekufa kwa ukaidi, aliapa mbele ya watu wote kwamba jina la Nyangeta halitaitwa kwa mtoto yeyote. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Nilisikia kila neno na nilikaa kimya. Kwa hiyo sikumwacha afe mara moja tu. Mlango wa kurudi nao niliufunga mimi.

Basi, baada ya Nyamuswa nilifanya nini? Unadhani nilipanda gari kwenda kwa mama? Nilikwenda kwenye daftari. Niliandika kurasa thelathini. Nilimwandikia Nyangeta barua, nikamwandikia yule msichana wa miaka kumi na mitatu niliyekuwa, nikamkumbatia katika mawazo, nikamwambia ulikuwa mtoto, hukujua. Nililia vizuri. Nikajisamehe. Ndiyo kazi niliyokuwa nafundisha, na niamini, nilijisikia mwepesi kabisa. Mtu pekee ambaye hakuambiwa kitu ni yule aliyetakiwa kuambiwa.

Binti yangu akazaliwa, na hakushika titi. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Hospitali walimpima wakasema hana tatizo, nikamue nimpe kwa kikombe. Alikuwa anakonda huku maziwa yananiuma kifuani. Siku ya saba mama akaja kutoka Butiama, akamshika, akaita majina. Aliita wa upande wetu, akaita wa upande wa mume wangu, akarudia. Mtoto aligeuza uso kila jina. Mama akakaa chini jasho linamtoka, akasema, "Wameisha. Sina mwingine."

Alipotoka kwenda kuota jua uani, nilimweka mtoto kifuani nikamnong'oneza sikioni, "Nyangeta." Akashika. Alishika kwa nguvu mpaka nikapiga kelele.

Mama akaja mbio. "Ameshika kwa nani?"

Ilikuwa nafasi yangu. Mtoto yuko titini, mama yuko mlangoni, maneno yenyewe hayafiki kumi. Nikasema, "Nyabise." Nyabise alikuwa mama yake mzazi, jina aliloliita muda mfupi kabla mtoto akaligeuzia uso, lakini hakutaka kulikumbuka hilo. Mama yangu alipiga magoti pale sakafuni, akaishika miguu ya yule mtoto, akalia kwa furaha, "Mama umerudi, mama yangu umerudi." Nami nilimtazama analia, nikaona afadhali.

Mtoto alikua vizuri, na alikuwa na utii wa kutisha. Neno lake la kwanza lilikuwa "dada." Majirani wakacheka, wakasema anamuiga msichana wa kazi. Lakini msichana wa kazi, mtoto alimwita kwa jina lake. Dada nilikuwa mimi. Nilimfundisha kusema mama, akasema mama, akionyesha picha ya bibi yake. Nikaandika kwenye daftari maelezo ya kitaalamu, marefu, ya kutosha kumridhisha yeyote isipokuwa mimi.

Alipokuwa na miaka mitatu nilimwacha uani juu ya ndoo, nikasema bila kufikiri, "Kaa hapo, nakuja," nikaenda dukani. Dukani nikakutana na watu, maneno yakawa mengi, mvua ikashuka. Nilirudi nikamkuta amekaa juu ya ile ndoo, mvua inampiga, mdomo umekuwa wa bluu, na mlango wa nyumba uko wazi hatua tano tu kutoka pale.

"Nimekaa, dada," akasema. "Mwambie mama nimekaa."

Hata hapo sikusema. Unaona nilivyo?

Mwaka uliofuata mama akamchukua Butiama kwa wiki mbili. Mume wangu yuko kazini Bunda, mimi nina semina, tukaona ni vyema. Siku ya nne tu nikasikia bodaboda inasimama nje, mama anashuka na mtoto, hana mzigo wowote. Alikataa kiti. Akanieleza akiwa amesimama, kwa sauti ndogo, kwamba walikwenda lamboni kunywesha ng'ombe, na mtoto akamwachia mkono, akaenda moja kwa moja kwenye jiwe akakaa. Akamwambia, "Mama, hapa ndipo aliponiambia nikae. Sikumtoroka. Yeye alienda video." Lile banda lilibomolewa kabla hata sijaolewa. Nani angemwambia?

"Ulimwacha?" mama akauliza.

Nikavuta ile sauti yangu ya kazini. Nikaanza, "Mama, nilikuwa mtoto, na wakati ule nilikuwa nabeba..."

"Sijauliza ulikuwaga nani. Ulimwacha?"

"Ndiyo."

Nilitamani anipige. Hakunipiga. Alisema, "Miaka ishirini na moja, kila nikipita pale kaburini nilikuwaga natema mate. Nikisema wewe mtoto, ungesikia tu. Ungesikia tu dada yako." Halafu akaingia chumbani, akakusanya nguo za mtoto kwenye mfuko, na kutokea mlangoni akaita, "Nyangeta, twende." Binti yangu akainuka haraka, uso umechangamka kama mtoto aliyesikia hatimaye ameitwa kwa jina lake. Hakugeuka kunitazama.

Ndiyo, ningeweza kumzuia mama. Mume wangu anasema mtoto kulelewa na bibi ni kawaida, na mpaka leo hajui lolote zaidi ya hilo. Lakini ningemzuia kwa kusema nini? Kwamba ni wangu?

Semina nimeacha. Daftari nimelichoma, ingawa kulichoma nako nilikuona ni maigizo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi naenda Butiama. Mama ananipa chakula na hasemi neno. Mtoto ana afya, amenenepa, anacheka na kila mtu kijijini. Nikimaliza kula ananishika mkono, mkono wake mdogo una joto, ananipeleka lamboni mpaka kwenye jiwe. "Dada, kaa hapo," ananiambia. "Nakuja." Kisha anakwenda.

Hajawahi kurudi. Mara ya kwanza nilikaa saa mbili nikadhani ndiyo adhabu, nimeimaliza. Sasa hivi nakaa mpaka ng'ombe wa mwisho wamekunywa na gari la mwisho la Musoma limekaribia. Naogopa maji yale. Siku moja niliinuka mapema nikamfuata nyumbani, nikamkuta mlangoni ananitazama, na akasema mbele ya mama, bila hasira yoyote, "Ona. Huyu ndiye anayetoroka."

Kwa hiyo wewe unayependa kufumba macho na kushuka ndani yako, shuka, sikukatazi. Lakini ukikuta chumba ni safi usifurahi upesi. Nenda dirishani, uyatazame yale maji vizuri. Na ukishajua ni maji gani, usiende kwenye daftari, wala usije kwa watu kama mimi tukusaidie kujisamehe. Mtafute mwenye haki ya kuambiwa, umwambie yeye, wewe mwenyewe, mapema. Mimi niliambiwa niseme neno moja tu, na nilikuwa na miaka yote ile ya kulisema.

Jumamosi hii ni ya mwisho wa mwezi. Nimeshamnunulia gauni. Nitampa, atalipokea kwa mikono miwili, atasema asante dada, na mimi nitakwenda kukaa pale atakaponiambia nikae.